Rekodi Namba Moja Haifutiki

Naandika haya nimejifunika kanga mpaka puani, na chumbani niko peke yangu, ndiyo mjue aibu yenyewe ilivyokuwa. Mimi ni yule msichana wa dawati la nyuma Kidato cha Tatu, nikiitwa kujibu swali naangalia dari, hata salamu ya mstarini naitoa kwa mdomo bila sauti. Sasa fikirieni mtu wa namna hiyo siri yake inasomwa ukutani mbele ya wakulima wa kahawa wa kijiji kizima, na mama yake yumo.

Kitu chenyewe kilianza vizuri sana. Klabu yetu ya kompyuta ilikuwa inatengeneza mnyororo wa rekodi (wataalamu wanauita blokucheni) kwa ajili ya mtambo wa kumenya kahawa wa chama cha msingi cha wakulima, kwa sababu msimu uliopita mama alipeleka kahawa mbivu tupu, tuliichambua wenyewe mpaka vidole vikanata, halafu kitabu cha mtambo kikasema "imechanganyika na mbichi", na hakuna aliyejua ni kalamu ya nani ilipita pale. Kwa hiyo kazi hiyo niliifanya kwa moyo. Mwalimu Haule alitufafanulia kwa ngoro, yale mashimo tunayolimia mteremkoni: tuta la shimo lako ndilo tuta la jirani, ukibomoa moja, mvua inayafuata yote ya chini. Rekodi nazo hivyo hivyo. Kompyuta inapiga hesabu kwenye maneno uliyoandika, inatoa alama yake kama ya kidole gumba, na rekodi inayofuata inaibeba alama hiyo. Ukibadilisha hata nukta, alama inakuwa nyingine kabisa, mnyororo unakatika na kila mtu anaona. Tena nakala ziko kwenye kompyuta nne. Jamani, nilisisimka! Mimi, kukosa usingizi kwa furaha ya hesabu!

Siku ya kuujaribu mara ya kwanza Mwalimu akasema, "Skola, ingiza chochote tuone kama unashika." Chochote! Ningeweza kuandika maharage. Lakini Osmund, mvulana wa kutoka Mbamba Bay, alikuwa amesimama dirishani anacheka na wenzake (akicheka yule, basi tena), na vidole vikaandika vyenyewe:

Mkulima: Osmund. Mzigo: tabasamu. Ubora: daraja la kwanza, halina mbichi hata moja.

Nikabonyeza kuhifadhi, nikajiambia nitafuta kesho. Kufuta! Mimi niliyetoka kushangilia kwamba haufutiki!

Juu yake zikaingia rekodi za kweli kutoka mtamboni, yangu ikazama chini, nikaisahau mpaka asubuhi ya maonyesho, wakulima wameshajaa ukumbini, projekta imeazimwa Mbinga mjini, nasikia Mwalimu anasema tutaanzia rekodi namba moja. Yangu hiyo! Osmund ndiye aliyekabidhiwa kompyuta ya mbele, lakini alikuwa ametoka kubeba viti, nikapenya, nikafungua faili lenyewe, nikafuta maneno yangu nikaweka "maharage", nikarudi nyuma moyo unanguruma kama bodaboda inayopanda mlima wa Litembo.

Mwalimu akawasha. Ukuta wote mwekundu. REKODI NAMBA 1 IMECHEZEWA. Na kwa kuwa mnyororo tuliutengeneza vizuri (sehemu hiyo niliiandika mimi, kwa mikono yangu hii), ukaenda kuziuliza zile kompyuta tatu nyingine, ukaleta maneno ya awali, ukayaweka kando ya "maharage" kwa herufi nene.

"Pameandikwa nini?" akauliza bibi mmoja wa mstari wa mbele, na jirani yake akamsomea yote, polepole, kama anasoma somo la Jumapili. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Mwenyekiti wa chama hakucheka. "Mwalimu, hatujaanza na tayari mnafutafuta? Kalamu yetu ina tofauti gani na chombo hiki?"

Mwalimu akamgeukia Osmund. "Kompyuta ilikuwa kwako."

"Sijagusa, Mwalimu. Kweli tena."

"Klabuni usionekane tena."

Na pale nikamwona mama anaokota kikapu chake aondoke, na uso ule ule wa msimu uliopita. Sijui nilisimamaje.

"Shikamooni. Ni mimi. Nimeandika mimi, na nimefuta mimi. Lakini haijafutika! Mnaona? Najua ndani yake mote, nimejaribu kwa nguvu zangu zote, mnyororo umenikataa!"

"Hebu rudia," akasema bibi.

Nikarudia, ukuta mwekundu. Nikajaribu kwenye kompyuta nyingine, mwekundu. Mwenyekiti mwenyewe akaja, akaongeza herufi moja kwa kidole kimoja, mwekundu, na kila mara tabasamu la Osmund linatokea upya, watu wanashangilia kama mpira, na mimi (mimi!) napiga kelele kuwaelekeza, "Jaribuni rekodi ya tano! Haya, ile ya tisa!" Mama alikuwa ameshaketi.

"Mnyororo tumeukubali," bibi akasema, "ila mzigo haujakaguliwa. Kijana, simama ucheke!"

Maskini Osmund akasimama, mdomo ukaenda upande.

"Mh! Hili lina mbichi, mjukuu wangu."

Mwenyekiti akatangaza kwamba msimu huu utaandikwa humo. Mwalimu, kwa kunihurumia, akasema tutaanza mnyororo mpya, safi.

"Hapana, Mwalimu," Mwenyekiti akakataa. "Mkianza upya leo kwa aibu ya mtoto, kesho mtaanza upya kwa aibu ya mkubwa. Ibaki."

Basi imebaki. Kila ndoo ya kahawa itakayopimwa pale, ukizifuata alama kurudi nyuma, mwisho unafika kwenye meno ya Osmund. Jana mama kapeleka yake, ikaandikwa "mbivu tupu", akarudi anaimba njia nzima, kisha akanitazama kwa jicho moja. Nimeapa: ya moyoni nitayaandika humu daftarini tu, tena kwa penseli.