Farasi Waliolazwa kwenye Migomba

Nilitoka Singida juu ya lori la vitunguu. Liliharibika mara mbili kabla ya Babati, na siku ya tatu nilipoteremka stendi ya Moshi, nikinuka kama sufuria, mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, shati la akiba, na ile hamu ya kuona kilicho mbele ambayo haijaniacha hata sasa, na arobaini nimeshaivuka.

Ilikuwa miaka ya tisini, watalii wameanza kuwa wengi. Mama mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vipuri mjini, alikuwa amenunua farasi sita wa kupandisha wageni, akawaweka kwenye shamba la zamani la kahawa huko mlimani. Aliniuliza kama najua farasi. Nikamjibu najua punda. Akacheka, akaniajiri.

Msimamizi wa banda alikuwa mzee wa Mwika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia wewe ni mtu wa punda. Hapa hatubebeshi mtu maji."

Wiki hiyo hiyo jike mmoja wa rangi ya kahawia, kipenzi cha mzee, alikuwa amesimama kwa miguu mitatu. Daktari wa mifugo alishamchoma dawa mara mbili, bila nafuu. Jumatatu yule mama mwenye farasi akaja, akamtazama.

"Daktari anarudi Ijumaa. Kama bado hakanyagi, ni sindano ya mwisho. Siwezi kumwacha ateseke."

Mzee alimenya ndizi akampa yule jike. Akaikataa.

Niliingia bandani niinue ule mguu, nikazama hadi kwenye vifundo. Kwetu punda hulala kwenye vumbi. Hapa kulikuwa na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, tabaka juu ya tabaka, chini vimeoza, vyeusi, vya moto. Mlimani ng'ombe hukaa bandani maisha yake yote, na tandiko huachwa liive chini yake, kwa sababu mbolea ndiyo inayolisha kihamba, shamba la migomba la nyumbani. Mwenye mbolea kidogo huchekwa. Mzee aliwapa farasi heshima yote aliyoijua.

"Mzee, hii ina muda gani?"

"Tangu Krismasi," alisema kwa fahari. "Umeona ilivyoiva?"

"Na kwato nayo imeiva."

Akaenda kuleta kisu.

Yeye alishika mguu, mimi nikakwangua. Chini ya kwato kulikuwa kumelainika kama parachichi bovu, na harufu yake sina haja ya kuieleza. Nilipofuata alama moja nyeusi, usaha uliruka ukatua kwenye shati la mzee.

"Toka, mgeni, toka," aliuambia usaha, na huku anacheka machozi yanamlenga.

Tulimwosha kwa maji moto ya chumvi, tukapaka dawa ya aidini, tukafunga kwato kwa pumba za ngano zenye moto na gunia, na juu yake kipande cha mpira wa ndani wa tairi kutoka dukani kwa mama. Tulifanya hivyo asubuhi na jioni. Mbolea yote tukaitoa nje, na kina mama wa jirani wakaja na vikapu, wakataniana njia nzima. Mahali pake tukamwaga maranda makavu kutoka kiwanda cha mbao.

Ijumaa daktari alimkuta amesimama kwa miguu minne, pua ndani ya ndoo.

"Huyu ndiye yule niliyemwacha?"

"Ndiye, daktari," mzee alisema. "Viatu vilikuwa vinambana."

Nilikaa zaidi ya mwaka, nikisafisha kwato ishirini na nne kila asubuhi, na sijui kama nimewahi kufurahia kazi nyingine kiasi kile. Kisha siku moja nikasikia kuna lori la maharage linapakia Tarakea, miguu ikaanza kuniwasha.

Mzee alinisindikiza hadi barabara ya lami, akimwongoza yule jike.

"Funga macho," aliniambia. "Sikiliza."

Akampitisha mbele yangu, akamrudisha. Kwato ziligonga lami taratibu, moja baada ya nyingine.

"Mguu upi uliumwa?"

Nilisikiliza tena. Sikuweza kuujua, nikamwambia hivyo.

"Basi nenda," alisema.