Barua Iliyonishusha Kutoka Angani

Rubani akiwa angani haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa namba ya ndege.

Kwa hiyo siku ile redio iliposema, "Ghaida, geuza, rudi uwanjani," nilijua kuna jambo.

Nilikuwa futi elfu sita na mia tano juu ya jangwa, peke yangu. Ilikuwa safari yangu ndefu ya kwanza bila mwalimu pembeni. Amman mpaka Akaba, natua, nageuza, narudi. Injini inaimba vizuri, mafuta tele, anga safi kama nimeliagiza.

"Mnara, kuna tatizo?"

Mwongoza ndege wa mnarani akakohoa. Halafu, "Rudi, binti yangu."

Binti yangu. Kwenye redio. Nikageuza ndege.

Nilitua vizuri, hilo naomba niliseme. Mwalimu wangu, Kapteni Nidal, alikuwa amesimama pembeni ya banda la ndege, mikono mfukoni. Hakunitazama usoni.

"Nipe cheti chako cha afya."

"Kapteni, nimekosea nini?"

"Hujakosea. Imekuja barua kwa daktari wa marubani. Inasema una ugonjwa wa kuzimia na umekuwa ukiuficha miaka yote. Mpaka upimwe, huruki."

"Barua ya nani?"

"Haina jina."

Nikampa cheti.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili mjue nilinyang'anywa nini.

Mimi ni mtoto wa Zarqa, mji wa jirani na Amman. Chuo nilichosoma kinatoa shahada ya urubani, miaka minne. Unasoma darasani kama wanachuo wengine, na papo hapo unajifunza kurusha ndege uwanja wa Marka, pale Amman. Saa zako za kuruka ni sehemu ya masomo. Ukikosa saa, hupati shahada. Ukifeli darasani, hupewi ndege.

Kamba mbili, shingo moja.

Alfajiri niko uwanjani nakagua mabawa kwa vidole vilivyoganda baridi. Saa tano niko darasani nasoma takwimu, hijabu inanuka mafuta ya ndege, kope zinajifunga zenyewe. Wenzetu wa vitivo vingine walituita "wageni," maana tulikuwa tunaingia tumechelewa na kutoka mapema kila siku.

Nisingefika mwaka wa nne bila watu wawili.

Wa kwanza ni baba yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia. Kila alfajiri alinipeleka Marka na pikapu yake kuukuu, na mkate wa ufuta kwenye karatasi ukiwa bado wa moto. Majirani walimchokoza, "Mwalimu, binti wa kuendesha ndege nani atamwoa?"

"Anayemtaka atapanda juu kumfuata," baba alikuwa anawajibu.

Wa pili ni Lujain. Mwanachuo mwenzangu, shoga yangu wa kufa na kuzikana. Nikiruka mimi, yeye anakaa darasani anaandika kwa ajili yetu wote wawili. Akiruka yeye, naandika mimi. Madaftari yetu yalikuwa na miandiko miwili mwanzo mpaka mwisho.

Mwaka ule wa mwisho kampuni moja ya ndege ilitoa nafasi ya kazi kwa mwanachuo mmoja tu, yule atakayemaliza akiwa wa kwanza. Wa kwanza nilikuwa mimi. Wa pili Lujain.

Na Desemba, baada ya kukesha na vitabu vya mtihani, nilishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi za chuo. Lujain akanikalisha, akanilisha tende.

"Usimwambie mtu," nikamwomba. "Neno kizunguzungu likimfikia daktari wa marubani, nimekwisha."

"Nimwambie nani mie? Kula."

Januari ndege ya mafunzo ya shule nyingine ikaanguka, kijana mmoja akafariki. Sisi tulimjua kwa sura tu. Tukasikitika, tukaendelea kuruka. Ndivyo marubani walivyo.

Februari, ikaja barua.

Sasa niambieni nyinyi. Nani alijua habari ya kizunguzungu? Nani alikuwa wa pili?

Sikungoja. Kesho yake niliingia darasani, watu kama arobaini wameshakaa, Lujain ananitunzia kiti kama kawaida.

"Umefaidi nini?" nikamuuliza.

"Kaa kwanza, Ghaida."

"Sikai na nyoka. Nafasi ungeichukua kwa kichwa chako, si kwa kunichimbia kaburi."

Lujain akafunga daftari lake taratibu.

"Sikuandika mimi," akasema. "Na zaidi ya hapo usiniulize."

"Kwa nini nisikuulize?"

Akatia daftari kwenye mkoba.

Mtu asiye na hatia anapiga kelele, ndivyo nilivyoamini. Huyu alinyamaza. Nikajua ni yeye. Nikahama kiti, nikafuta namba yake, na kila aliyeniuliza nikamwambia Lujain ni mtu wa namna gani.

Ilianza miezi saba ya vipimo. Damu, moyo, waya kichwani, picha za ubongo. Nikimaliza kimoja, wanataka kingine, maana kumvua rubani tuhuma ya kuzimia si kama kumpima homa.

Chuo nacho kikaniita. Wakasema bila saa za kuruka sitamaliza na wenzangu. Wakanipa njia nyingine: nihamie shahada ya usimamizi wa viwanja vya ndege, nimalize ofisini.

"Ichukue, binti yangu," baba akaniambia. "Shahada ni shahada."

"Baba, miaka minne yote nikakae kwenye meza?"

"Nimesema tu."

Hospitali zote alinipeleka yeye. Alikaa kwenye mabenchi na mimi, akanishikia koti, akabishana na manesi kuhusu foleni. Ramadhani ilipofika, kila futari kabla ya kutia kitu mdomoni nilikuwa nainua mikono na kusema, "Ee Mungu, aliyeandika barua ile mwoneshe alichonionesha."

Na baba, kutoka upande wa pili wa mkeka, akiitikia, "Amin."

Kiangazi wenzangu walivaa majoho. Nafasi ya kampuni ikaenda kwa Lujain. Sikuhudhuria. Nilijifungia chumbani, mama akawa anabisha mlango kila baada ya muda na sahani ya zabibu.

Septemba Daktari Nuwar, ndiye yule daktari wa marubani, mama mmoja mkavu lakini mwenye haki, akaniita ofisini kwake.

"Ubongo wako mzima kuliko wangu," akasema. "Nakurudishia cheti. Na kwa kuwa jalada limefungwa, una haki ya kusoma kilichomo."

Akanisukumia karatasi moja. Imepigwa chapa, haina jina, mistari sita.

Nikaisoma nikiwa na hasira ya kutafuta maneno ya Lujain. Habari ya kizunguzungu cha kwenye ngazi haikuwemo kabisa. Nikafika mstari wa nne.

"Alizimia jikoni siku ya msiba wa bibi yake akiwa na miaka kumi na miwili, akapasuka kidevu, na watu wakaambiwa ameteleza."

Nikausoma tena.

Siku ile jikoni tulikuwa wawili. Nilikuwa sijala tangu jana yake kwa kulia, nikaona giza, nikaanguka. Aliyeniokota akanifuta damu na kuniambia, "Tutasema umeteleza. Mama yako leo amebeba ya kutosha." Mama hajui mpaka leo. Lujain sikuwahi kumwambia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau.

Aliyeniokota alikuwa baba.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama alikuwa kwa dada yake. Baba alikuwa kwenye meza ya jikoni anatoboa maboga madogo, yale ya kujaza wali na nyama. Nikasimama mlangoni.

"Baba, siku ya msiba wa bibi, nilipoanguka, humu ndani tulikuwa wangapi?"

Kisu kikasimama.

"Wawili," akasema.

Hakuuliza kwa nini nauliza. Angeuliza tu, pengine ningepata mahali pa kujificha.

"Kwa nini, Baba?"

Akaweka boga chini. "Nilikwenda kumzika yule kijana aliyeanguka na ndege Januari. Baba yake akanishika mkono, akaniuliza, 'Wako bado anaruka?' Nikasema ndiyo. Akaniambia, 'Basi mtazame vizuri.' Tangu siku hiyo nikikushusha Marka nazunguka kona, nasimamisha gari, nakaa mpaka nikusikie umetua."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeacha?"

"Nisingeacha."

"Ndiyo maana."

Nikaingia ndani, nikasimama mbele yake.

"Umekaa na mimi hospitali miezi saba. Nimeomba dua mbele yako, ukaitikia Amin."

Alitazama maboga yake.

Nikageuka niondoke, ndipo aliponiita.

"Ghaida. Lujain usimlaumu. Nilimwendea yeye kwanza, nikamsihi aandike yeye, nikijua watamwamini mwanachuo mwenzako. Akakataa katakata. Akaniambia, 'Amu, usimfanyie hivi, utamuua ukidhani unamwokoa.' Nikaona aibu. Nikamwapisha kwa Mungu asikwambie, halafu nikaandika mwenyewe."

Jamani.

Kumbe yule niliyemwita nyoka mbele ya watu arobaini ndiye pekee aliyenitetea.

Kesho yake nilikwenda kwao, mtaa wa Jabal Hussein. Alikuja mlangoni na sare ya kampuni, anajiandaa kwenda kazini. Hakunikaribisha ndani, hakunifungia mlango pia.

"Baba amesema," nikamwambia.

"Afadhali."

"Kwa nini hukuniambia? Ungevunja tu hicho kiapo."

"Ningekuambia, ungebaki na rafiki ukakosa baba." Akavaa kiatu cha pili. "Nikajipa moyo, huyu tumeandika daftari moja miaka minne, hasira zikiisha atakuja kuniuliza mara ya pili. Nikakungoja Machi. Nikakungoja Aprili."

"Nisamehe, Lujain."

"Nimekusamehe siku nyingi. Ila yule shoga yako wa zamani usimtafute kwangu, hayupo."

Akafunga mlango kwa ufunguo, akanipita kwenye ngazi, akaenda zake. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi nisingefungua kabisa.

Nilirudi Marka mwezi uliofuata. Nilikwenda kwa basi, nabadilisha mara mbili. Kapteni Nidal alinikabidhi ndege bila hotuba. Safari ya Akaba nikaimaliza. Saa zikatimia, tasnifu nikaitetea, shahada nikaipata mwaka mmoja nyuma ya wenzangu, na leseni miezi mitatu baadaye.

Leo narusha ndege ndogo za kupiga picha za mashamba na barabara. Kampuni kubwa bado hazijaniita. Lujain namwona uwanjani mara moja moja. Tunapungiana mkono.

Baba ninampenda. Tunakula pamoja Ijumaa, namnunulia dawa zake za presha, ananiuliza hali ya upepo. Lakini hajawahi kupanda ndege ninayorusha mimi. Sijamkaribisha, naye hajaomba.

Nawaachia hili. Ukiumizwa, haraka yako ya kwanza ni kumtafuta mwenye wivu, maana huyo kumchukia ni rahisi. Mwulize mtu mara ya pili kabla hujamtangaza. Na wewe mzazi, hofu yako mwambie mwanao machoni, hata kama unajua atakukatalia. Akikukatalia, mtagombana siku mbili. Ukimzunguka, atakuheshimu maisha yake yote, lakini hatakuamini tena.