Nani Alikula Mbuzi wa Ntheo

Wasomaji wangu, mnisamehe kwanza kwa tahajia na kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka. Niliishia darasa la nane, na hata huko ubao ulikuwa ukifutwa kabla sijafika nusu. Naandika polepole. Ajabu ni kwamba kuandika ndiko kulikonipa kazi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kila mtu akizungumzia kubadilisha katiba. Kituo cha sheria ya katiba cha chuo kikuu kimoja kilikodi chumba mjini Kitui, kikatafuta msaidizi wa utafiti anayejua Kikamba vizuri. Walitaka kujua watu wa Kitui na Makueni wanarithi ardhi vipi, sheria mpya isije ikaandikwa na watu ambao hawajawahi kutuuliza. Kazi yangu ilikuwa kuuliza maswali, kurekodi majibu kwa kaseti, kisha kurudi ofisini kusikiliza na kuandika kwa Kiswahili. Mhadhiri aliyetuongoza, mama mmoja kutoka upande wa magharibi ambaye tulimwita Mwalimu, alisoma karatasi zangu za kwanza akacheka.

"Wewe unaandika kama kinyonga anavyotembea," alisema. "Lakini yanasomeka. Endelea."

Kulikuwa na swali moja nililoliogopa. Liliuliza kama watoto wa iweto wana haki ya kurithi shamba. Kwetu Ukambani, mwanamke asiyepata mtoto anaweza kumwoa mwanamke mwenzake kimila, ili nyumba ipate watoto. Yule anayeolewa ndiye iweto. Mama yangu ni iweto. Aliolewa na mjane mmoja wa Matinyani, ambaye mimi nilimwita susu, yaani nyanya, na ndiye aliyenilea mgongoni.

Susu alikuwa amefariki. Baada ya mazishi, mdogo wa marehemu mumewe, tuliyemwita babu mdogo, alianza kupita shambani kwetu akilipima kwa macho.

"Wenyewe wameisha," alimwambia mama. "Nyinyi mlikuja tu. Sheria haiwajui."

Mama alikuwa ameshapanda ndengu. Hakujua kama atazivuna yeye.

Nilikuwa nikishinda na watu wa sheria kutwa, na bado sikuthubutu kuwauliza. Aibu ilinizuia tangu utotoni, lakini safari hii hofu ilizidi aibu. Jibu likiwa baya, lingekuwa limetoka kwa wenyewe, na ningelipeleka nyumbani kwa mkono wangu.

Huko Mutomo nilimuuliza mzee mmoja wa kanisa swali lile. Alijibu bila kufikiri. "Hayo ni mambo ya giza. Mwanamke awe mume wa nani? Hao watoto warudi walikotoka."

Niliporudi ofisini niliirudisha kaseti nikaandika, "warudi walikotoka." Mimi nimetoka Matinyani. Ningerudi wapi?

Wiki iliyofuata mimi na Mwalimu tulienda Makueni. Mama mzee mmoja alitupokea akichambua mbaazi kwenye ungo, wajukuu wamemzunguka. Naye alikuwa ameoa iweto. Nilipomuuliza swali, aliuweka ungo chini.

"Huyu mwenye digrii amekutuma uniulize kama wajukuu wangu ni wangu?"

Mwalimu hakujua Kikamba, lakini sauti aliielewa, akacheka. Yule mama mzee akanigeukia.

"Na wewe mwiitu, ni wa nyumba gani?"

Msichana akiulizwa hivyo na mzee hawezi kunyamaza. "Ya iweto," nilisema, kaseti ikizunguka.

"Mbona unasema kama mtu aliyemwaga maziwa? Kuna mtu anawasumbua, sivyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mbuzi wa ntheo walipelekwa?"

Ntheo ni mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana na kuchinjwa huko. Bila hao, kwetu hakuna ndoa.

"Nasikia walipelekwa, susu."

"Unasikia! Nenda ukaulize nani aliwapeleka na nani aliwala. Kisha huyo anayewasumbua mumuulize alikuwa wapi siku hiyo."

Kwenye gari Mwalimu aliniomba nimtafsirie. Nilianza na mbuzi, nikajikuta nimesema yote, mpaka ndengu za mama.

"Na ulikaa kimya muda wote huu?" alisema. "Hata mahakamani swali ni hilo hilo. Mila ilifuatwa? Nani alishuhudia? Sheria inawajua. Tafuteni mashahidi."

Niligeuka dirishani nikalia kidogo, kwa raha.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama akitwanga mahindi ya muthokoi. Nilimuuliza nani alipeleka mbuzi kwao. Alisimamisha mchi hewani.

"Si huyo huyo babu yenu mdogo! Susu angeendaje bila mwanamume wa nyumba ile? Tena alikula mpaka akaomba afungiwe mifupa ya kwenda nayo."

Tulitazamana. Tulicheka mpaka mama akaketi chini.

Wazee wa ukoo walipokutana nyumbani kwetu, mkubwa wao aliuliza jambo moja tu: mbuzi wale aliwala au hakuwala? Babu mdogo alizungusha kofia yake mikononi.

"Nilikula," alisema. "Lakini ni zamani."

"Basi uwatapike," mmoja akamwambia, "nasi tumrudishe msichana kwao."

Kicheko kilichozuka kilimshinda hata yeye mwenyewe. Maneno ya shamba yakaishia pale. Ndengu zilipokomaa alikuja na gunia tupu kuomba za kupika, na mama akampimia.

Nami nilirudi kazini. Swali lile niliendelea kuliuliza Kyuso na kwingineko, sauti yangu ikiwa ile ile ya maswali mengine, na majibu mabaya niliyaandika neno kwa neno, sawa na yale mazuri.

Kama kwenu pia kuna nyumba kama yetu, niandikieni mniambie mbuzi walipelekwa na nani, na kama shamba bado ni lenu. Nitajibu kila barua, ila mnivumilie, kwa sababu mwendo wangu mmeshaujua.