Mashine Iliyoongeza Saa Sita

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa matope. Ulikuwa bado tumboni, miezi yako imetimia, na boti yetu kutoka Salale imekaa juu ya tope katikati ya mkondo. Maji yamekwenda zake. Simuni mwangu kulikuwa na ujumbe wa ile mashine inayotupa habari za kujaa na kupwa kwa maji: maji yamejaa, mkondo unapitika.

Nahodha alichomeka pondo, ule mti wake wa kusukumia boti, kwenye tope, akanigeukia. "Dada, si umesema maji yamejaa? Haya, teremka ukaoge."

"Mwache, ana uchungu huyo," mama mmoja akasema.

"Hata mimi nina uchungu, kamba wangu wanaoza!" akajibu mwenzake, na boti nzima ikacheka.

Mimi sikucheka. Nilishika ubao mpaka maji yakarudi, ukazaliwa tulipoifikia zahanati, umechoka, hata kulia ulilia kwa kubembelezwa. Naandika taratibu, lakini usidhani hasira imeniisha.

Arobaini yako ilipotimia nilikufunga mgongoni nikaenda Kibiti kwa Bi Tatu. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ndiye aliyenifundisha kompyuta nilipomaliza kidato cha nne, na mashine ile ilitoka kwenye karakana yake. Ni kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye nguzo kwenye mdomo wa mkondo. Inapiga hesabu ya kujaa na kupwa kwa kufuata saa yake, kisha inawatumia ujumbe watu wa boti. Saa yake ikikosea, inadanganya watu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye huyo wa matopeni? Hebu nimpakate. Wewe kaa hapo kwenye kompyuta yangu, uifungue kwa mtandao."

Nilikuwa na haraka. Wifi yangu Zuhura alikuwa Salale na mimba yake pevu, na asubuhi ya pili yake alikuwa avuke kwa boti ileile, kwa ujumbe wa mashine ileile.

Nikashuka kwenye kiini, ile sehemu ya chini kabisa ya mfumo unaoendesha kompyuta, inayotunza saa. Nikakuta vurugu. Shabani, fundi wa karakana ile, alipokwenda kuifunga mashine ilikuwa saa tatu asubuhi. Kompyuta ikamuuliza saa, naye akaandika tatu, kama tunavyosema sisi sote, wakati kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane, ikitaka tisa. Hesabu ya maji ikatoka kombo. Badala ya kurekebisha saa, akaingiza mstari ndani ya kiini: ongeza saa sita. Ikawa sawa. Kisha mtandao wa intaneti ukafika kule, mashine ikachukua saa sahihi yenyewe, na ule mstari ukaendelea kuongeza sita juu ya saa iliyokwisha kunyooka. Na sisi wa delta tunajua saa sita ni nini: maji yaliyojaa asubuhi, baada ya saa sita ni tope tupu.

Shabani alikuwa mlangoni akisikiliza.

"Wewe ndiye ungeniulia mtoto," nikamwambia.

"Dada, mimi nilikuwa naisaidia tu ile saa..."

"Nyamaza! Nafuta yote uliyoandika humu."

Nikachagua mistari yake yote, kidole juu ya kitufe. Bi Tatu hakupaza sauti, alikuwa anakubembeleza.

"Futa. Lakini kwanza nisomee kila mstari unafanya nini."

"Bibi, ni uchafu mtupu."

"Uchafu unaujua ukishausoma. Hapo unamfuta Shabani, saa hujaigusa. Na Zuhura kesho atapita kwenye saa, hatapita kwenye hasira zako."

Yaliniuma maneno yale. Nikasoma. Wa saa sita, futa. Mwingine wa kupunguza saa sita, alioujaribu akauzima, kisha akausahau, futa. Wa tatu nikasita. Ule uliangalia saa ya mashine inavyochelewa kwa joto la pale juu ya nguzo, ukaisogeza mbele kidogo kidogo bila kuirusha. Mtandao ukikatika, na kule unakatika mno, mstari ule peke yake ndio unaoishika saa. Ningeufuta, mashine ingeanza kuchelewa tena, na nisingejua.

"Huu nani kauandika?"

"Mimi," akasema Shabani, macho chini.

Nikauacha. Tena nikauhamishia mahali pake, nikauandikia maelezo kwa Kiswahili ili ajaye asiufute kama nilivyotaka mimi. Kuhesabu saa kwa desturi yetu nikakutoa ndani kabisa, nikakuweka mwisho, pale ujumbe unapoandikwa, ili tisa ya kompyuta watu waisome saa tatu. Kisha nikamtuma Shabani Salale akasimame na fimbo ya kupimia kina ndani ya maji, asiondoke mpaka maji na ujumbe vikubaliane. Alikwenda bila ubishi. Kuomba radhi aliniomba; nilimjibu siku nyingine.

Asubuhi Zuhura akapiga simu, kelele za injini nyuma yake. "Wifi, tumeshavuka! Shabani kaloa mpaka kifuani, anapungia watu kama mgombea!"

Niliketi chini nikalia, nawe ukanishangaa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kukasirika ruhusa, hasa ukichezewa roho ya mtu wako. Lakini usifagie kitu kwa sababu ya aliyekiweka. Kisome, ujue kinashikilia nini, ndipo utoe. Ukiona kosa, linyooshe pale lilipoanzia, usilibandikie lingine juu yake. Ndani ya mashine saa iwe moja, iliyo kweli. Namna ya kuitamka iwe ya watu wanaoisikiliza. Na ukiambiwa umekosea na mtu anayekupenda, rudi usome tena, hata kama umeumia.

Mungu akukuze, akupe macho ya kusoma kabla ya mkono wa kufuta, na kila chombo utakachopanda kikute maji chini yake. Amina.