Kimya cha Ghala la Chumvi

Chumvi ya Uvinza ilifika Rumonge, kando ya ziwa, kwa mitumbwi, nasi tuliifunga upya katika majani ya migomba ipandishwe milimani. Tajiri wetu aliamuru tuimbe tangu ghala linapofunguliwa hadi linapofungwa. Mwenye chumvi shavuni haimbi, alisema, na kikulacho ki nguoni mwako. Basi tuliimba kwa koo kavu, nyimbo za harusi na za kasia, mpaka nikazichukia zote. Sikuwahi kumwibia hata punje. Kudhaniwa mwizi kila nivutapo pumzi kuliniuma kuliko mizigo.

Kisha akaja mnyapara mpya, mtu mzima kutoka Ujiji. Alitusalimu, "Amahoro," akaketi mlangoni.

"Munyamaze," akasema. "Miye silindi midomo ya watu."

Tukafanya kazi kimya, tukasikia mawimbi na vicheko vya wanawake walioanika ndagala, dagaa wa ziwani. Tajiri alinuna, lakini chumvi haikupungua, naye akaacha maneno. Mnyapara yule tungemfia.

Malale, ugonjwa wa usingizi, yakaingia pwani ya ziwa. Wadachi wakawa wanapapasa watu shingo, na mwenye tezi zilizovimba anapelekwa kambi ya wagonjwa. Sisi hatukumwona aliyerudi. Mnyapara wetu akaanza kusinzia katikati ya maneno, mchana kweupe. Hatukumwambia kitu. Tulipatana wenyewe kwamba tajiri akitokea njiani, tuanze kuimba ili mzee aamke. Mara za kwanza aliamka, akajifuta mate, akasimama wima kabla tajiri hajafika.

Siku moja tajiri alikuja na askari wa Wadachi. Tukaimba. Kichwa cha mnyapara hakikuinuka. Tukapaza sauti, tukapiga mizigo kwa viganja, mimi nikiimba huku machozi yananitoka.

"Leo mumekumbuka adabu," tajiri akasema akicheka. Kisha akamwona pale mlangoni.

Askari alimpapasa shingo, akaita wenzake. Walipomwinua ndipo alipofumbua macho. Alitutazama kwa uchungu, kama baba aliyesikia wanawe wametukanwa.

"Nani alisema muimbe?" akauliza. "Miye nawaamini nyinyi."

Nilitaka kumwambia kwamba tulimwimbia yeye. Tajiri alikuwa amesimama kati yetu, na kukiri kwamba tulimficha mgonjwa kungetuponza sote. Wakampakia mtumbwini akiwa bado anageuza shingo kututazama.

Tajiri aliketi mahali pa mnyapara mlangoni, akatuambia tuendelee. Tukaimba.