Saizi ya Fulana

Jirani yangu mchapa fulana hapa sokoni Tunduma ana vidole vyenye rangi hata Jumapili, na kila kitambaa hukinusa kabla ya kukichapa; sijui ananusa nini. Juzi Loisi, mwimbaji wa injili, alitaka mashabiki wavae picha ya uso wake kwenye tamasha. “Dada, uso kifuani ni fulana ya msiba,” mchapaji akamwambia. “Watauliza unazikwa lini.”

Loisi akanuna. “Sasa watavaa nini, na watu wenyewe hawanijui?”

“Imba.”

Akaimba, na kwenye kiitikio mchapaji akamnyamazisha kwa mkono. Soko zima likamalizia ile asante ya Kibemba: “Natotela!” Mchapaji akaanza kulichora neno hilo kwenye fulana. Kisha, bila kuinua kichwa, akaniuliza mimi ninayesema kila siku kwamba binti huyu anapiga kelele tu: “Na wewe, mama, unavaa saizi gani?”