Udi Wangu Darini kwa Jirani

Jamani, nicheke mwenyewe kwanza, ndipo nanyi mnicheke.

Nyumba yetu hapa Woolwich ni ya enzi za Malkia Victoria, moja katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Ina harufu ya ukungu isiyotoka kwa sabuni wala kwa rangi mpya. Jumamosi wakwe watarajiwa wa binti yangu walikuwa waje kumposa. Nikaona dawa ni udi tu. Nikafukiza kila chumba, kisha, kwa kujua kwangu kwingi, nikapandisha chetezo darini nikakiacha huko kifuke vizuri.

Punde gari la zimamoto likasimama nje. Jirani yangu Bi Jean, ajuza wa Kizungu, yuko barabarani na ndara zake, analia kwamba darini kwake kunafuka moshi. Nikamkimbilia, nikamfunika mabega kwa kanga yangu, nikamwombea na dua.

"Pole, mamangu. Nyumba hizi kuukuu, nyaya zake mbovu," nikamwambia, utadhani fundi.

Mzimamoto akatoka. "Hakuna moto, mama. Huko darini hamna ukuta wa kutenga nyumba na nyumba. Moshi unatoka upande wa pili."

"Alhamdulillahi!" nikapaza sauti.

Bi Jean naye akashusha pumzi, akajifuta machozi kwa pindo la kanga yangu. Akasita. Akalinusa tena, akanigeukia.

"Ajabu," akasema. "Darini kwangu kote kunanukia hivi hivi."